Kidonge Kilitangulia Kipimo

Mgonjwa wa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, anayehema kwa tabu, akiulizwa kinachomsumbua, hujibu kwa maneno mawili: kifua kinabana. Maneno hayo yametwishwa mzigo mzito. Mwenye pumu huyasema, na kwake kinachobana ni njia za hewa. Mwenye moyo uliotanuka huyasema pia, na kwake mapafu yamejaa maji. Aliyetibiwa kifua kikuu akapona, mapafu yakabaki na makovu, naye husema hivyo hivyo. Yupo na wa nne, ambaye hazungumzwi sana. Njia zake za hewa ziko wazi, lakini mishipa inayotoa damu upande wa kulia wa moyo na kuipeleka mapafuni imejikaza. Kuta zake zimenenepa, nafasi ya damu kupita imekuwa finyu, na moyo unasukuma kama kijana anayesukuma guta lililokwama kwenye mchanga wa Majohe. Madaktari huuita ugonjwa huo shinikizo la juu la damu kwenye mapafu, na wagonjwa waliokwisha kuelezwa huuita presha ya mapafu. Wala si presha ile inayopimwa kwa kufungwa kitambaa mkononi. Mtu anaweza kupimwa mkono kila wiki, akaambiwa presha yake ni nzuri, huku ya mapafuni ikiwa mara tatu ya inavyotakiwa.

Dawa za kulegeza mishipa hiyo zipo. Mojawapo imeuzwa kwa miaka mingi katika maduka ya dawa ya Dar es Salaam, lakini kwa sifa nyingine na kwa wateja wengine. Ndiyo maana naona historia ya ugonjwa huu katika mji wetu ina mpangilio uliopinduka: kidonge kilifika mtaani kabla ya kipimo kumfikia mgonjwa. Tumezoea kusema kwamba shida ya tiba kwetu ni uhaba wa dawa. Kwa ugonjwa huu ushahidi unaonyesha vingine. Kilichochelewa ni uwezo wa kujua mishipa ya nani imekaza, kwa sababu gani, na kama bado ina uhai wa kulegea. Bila kujua hayo matatu, dawa ile ile inayomwokoa mmoja humdhuru jirani yake.

Tuanzie mwaka 1897. Mjini Vienna, daktari Victor Eisenmenger aliandika habari za mwanaume wa miaka 32 aliyekuwa na rangi ya bluu na pumzi fupi tangu utotoni, akafa kwa kukohoa damu iliyotoka mapafuni. Alipopasuliwa baada ya kufa, moyo wake ulikutwa na tundu kati ya vyumba viwili vya chini. Mwaka huo huo Dar es Salaam ilikuwa mji mdogo wa Wajerumani wenye ubaguzi ulioandikwa hata kwenye majengo ya tiba. Hospitali ya Ocean Road ilifunguliwa ufukweni kwa ajili ya Wazungu, na Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huo, alikuwa ametoa fedha za hospitali ya Waafrika na Waasia, ile ambayo jina lake bado linaishi katika wodi za Muhimbili. Robert Koch, aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882, alifika mjini kipindi hicho kuchunguza malaria na tauni. Reli ya Kati ilikuwa haijaanza kujengwa. Ilianza mwaka 1905, ikatoka bandarini kuelekea vilima vya Pugu, na eneo tunaloliita leo Gongo la Mboto likawa mahali pa kupitia kabla ya kuwa mahali pa kuishi. Watoto wenye matundu ya moyo walizaliwa huku kama walivyozaliwa Vienna, kwa kuwa ugonjwa wa kuzaliwa nao hauchagui bara. Tofauti ni kwamba huku hakuna aliyewapasua na kuandika.

Eisenmenger aliliona tundu, ila hakulijua fumbo lake. Fumbo hilo lilifumbuliwa na Paul Wood, daktari wa moyo wa London, katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1958. Tundu huruhusu damu ya upande wa kushoto, yenye nguvu, kumwagika upande wa kulia na kuyafurikisha mapafu. Mishipa ya mapafu imeumbwa kwa mkondo wa taratibu: wastani wa shinikizo lake kwa mtu mzima mwenye afya ni kama milimita 14 za zebaki. Ikipigwa na mafuriko kila sekunde, hujihami kwa kukaza misuli. Kwa miaka ya mwanzo kukaza huko kunaweza kurudi nyuma. Ziba tundu, na mishipa italegea. Ukiendelea kungoja, ukuta wa mshipa hujengeka upya kwa ndani, unakuwa mgumu kama bomba la plastiki lililopigwa jua, na shinikizo la kulia huzidi la kushoto. Hapo damu hugeuza njia, damu isiyo na oksijeni huingia mwilini, na midomo ya mtoto hubadilika rangi. Ikishafika hapo, tundu haliruhusiwi kuzibwa tena, kwa sababu limekuwa mlango wa dharura wa moyo. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hii kati ya mshipa uliokaza na mshipa uliokakamaa, maana hoja yote inayofuata imesimama juu yake.

Kabla ya Wood, mwaka 1946, Ulf von Euler na Göran Liljestrand wa Stockholm walikuwa wamepima shinikizo katika ateri ya mapafu ya paka na kuona jambo la ajabu. Paka alipopewa hewa yenye oksijeni kidogo, mishipa ya mapafu ilikaza. Mishipa ya sehemu nyingine za mwili ikikosa oksijeni hupanuka, ya mapafu hufanya kinyume. Ndani ya ukaidi huo kuna busara: sehemu ya pafu isiyopata hewa haina haja ya kupelekewa damu, kwa hiyo mshipa wake hujifunga ili damu iende kwenye hewa. Ubaya huja pale pafu zima linapokosa hewa ya kutosha kwa muda mrefu. Ng'ombe wanaonyesha jambo hili kuliko mnyama yeyote, kwa kuwa misuli ya mishipa yao ya mapafu ni minene sana. Katika milima mirefu ya Colorado, Marekani, ugonjwa wa ng'ombe kuvimba kidari kwa sababu ya moyo kushindwa uliandikwa mwaka 1915. Ng'ombe wa mnada wa Pugu, hatua chache kutoka Gongo la Mboto, wana mishipa ya namna hiyo hiyo, lakini wanasimama karibu na usawa wa bahari na hawapatwi na neno. Binadamu wa hapo hapo hana kilima cha kumnyima oksijeni. Ana moshi: wa mkaa na kuni jikoni, wa tumbaku, wa taka zinazoungua katika dampo la Pugu Kinyamwezi, juu ya mapafu ambayo pengine kifua kikuu kilishayapitia.

Historia ya dawa zenyewe ilianza kwa kubahatisha. Mwaka 1951 David Dresdale na wenzake wa New York waliwapa tolazolini wagonjwa ambao mishipa yao ya mapafu ilikaza bila sababu kuonekana, na shinikizo likashuka. Muda si mrefu madaktari wa Uingereza walichuruzisha asetilkolini moja kwa moja katika ateri ya mapafu na kuona shinikizo likishuka tena. Matokeo hayo hayakudumu kiasi cha kuitwa tiba, lakini yalithibitisha kwamba sehemu ya ugonjwa ni msuli uliokaza, na msuli uliokaza unaweza kuambiwa ulegee. Swali likawa nani anayeuambia mwilini. Nitrogliserini, ambayo Alfred Nobel alitajirika kwayo akitengeneza baruti, ilikuwa ikitumika kutuliza maumivu ya moyo tangu karne ya 19 bila mtu kujua inafanyaje kazi. Mwaka 1977 Ferid Murad alionyesha kwamba inatoa gesi ya nitriki oksidi. Mwaka 1980 Robert Furchgott aligundua kwamba utando mwembamba unaofunika mshipa kwa ndani hutoa kitu kinachoulegeza msuli wa nje, na baadaye ikajulikana kwamba kitu hicho ndicho gesi ile ile. Furchgott, Murad na Louis Ignarro walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Kazi ya gesi hiyo inaelezeka. Ikipenya kwenye msuli wa mshipa huamsha kimeng'enya kinachotengeneza ujumbe wa kemikali uitwao saikliki GMP. Ujumbe huo hupunguza kalsiamu ndani ya seli, na msuli usio na kalsiamu ya kutosha hauwezi kushika, unaachia. Kisha kinakuja kimeng'enya kingine, fosfodiestarezi ya 5, kinafuta ujumbe, na msuli unakaza tena. Mapafu yana fosfodiestarezi hiyo kwa wingi, na uume pia. Sildenafili humzuia mfutaji, hivyo ujumbe wa kulegea hukaa muda mrefu zaidi. Iliundwa na kampuni ya Pfizer huko Sandwich, Uingereza, kwa matumaini ya kutibu maumivu ya moyo. Ikashindwa kwa kazi hiyo, lakini wanaume waliojitolea kuijaribu wakaripoti athari nyingine, na mwaka 1998 ikaidhinishwa Marekani kwa upungufu wa nguvu za kiume. Miaka saba ikapita kabla ya mwaka 2005, utafiti wa wagonjwa 278 ulipoonyesha kwamba waliopewa sildenafili kwa ajili ya mishipa ya mapafu waliweza kutembea kama mita 45 zaidi ndani ya dakika sita kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mita 45 ni umbali wa kutoka kitandani hadi bombani na kurudi. Kwa mtu aliyekuwa hawezi kuoga bila kupumzika katikati, huo ni umbali wa heshima.

Ndugu za sildenafili hazikuwa na bahati ya kusafiri. Prostasaiklini, iliyogunduliwa mwaka 1976 na kundi la John Vane nchini Uingereza, ina nguvu kubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996 wagonjwa 81 waligawanywa kwa wiki 12, na wanane waliofariki wote walikuwa upande wa wasiopewa. Lakini huvunjika ndani ya damu kwa dakika chache tu, kwa hiyo lazima ichuruzike mchana na usiku kutoka pampu ndogo kupitia mrija uliozamishwa karibu na moyo. Pampu ikisimama au mrija ukiziba, mishipa hujifunga upya kwa kishindo. Bosentani, inayoizuia endothelini, kemikali ya kukaza mishipa iliyotambuliwa Japani mwaka 1988, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa bei ya nchi tajiri. Nitriki oksidi yenyewe, ya kuvuta puani, ilianza kujaribiwa mwaka 1991 na inahitaji mitungi maalumu na mashine za kuipima. Sildenafili ilikuwa na umbo la kidonge, haikutaka jokofu, na ilikuwa rahisi kunakiliwa. India, inakotoka sehemu kubwa ya dawa zetu, haikutambua hataza za dawa zenyewe hadi mwaka 2005, na viwanda vyake viliitengeneza mapema sana.

Hivyo ndivyo ilivyofika Dar es Salaam: kwa mlango wa nguvu za kiume. Iliingia katika soko lililokuwa na wapinzani wake wa kienyeji, mizizi ya wauza dawa wa vituo vya daladala na baadaye ule unga maarufu kwa jina la vumbi la Kongo, ikapewa sifa na aibu ya soko hilo. Kitazame kidonge chenyewe. Kinakaa vinne vinne ndani ya karatasi ya bati, kila kimoja miligramu 50 au 100, kiasi kilichopangwa kwa usiku mmoja. Dozi ya mapafu ni miligramu 20, mara tatu kwa siku, kila siku ya maisha. Yaani kidonge cha 100 kigawanywe vipande vitano vinavyolingana, kwa wembe, juu ya meza. Kwa mtoto mchanga kisagwe, kichanganywe na maji, kivutwe kwa sindano isiyo na ncha. Hakuna mkono unaogawa tano kwa usawa. Mama anayekwenda kumnunulia mtoto wake dawa hiyo anasimama katika foleni moja na wanaume wanaonong'ona, na jina lililoandikwa kwenye cheti chake linafanya watu wageuke. Aibu hiyo ni sehemu ya historia ya dawa hii hapa kwetu, nayo ina gharama. Dawa inayonunuliwa kwa kunong'ona haiulizwi maswali, na swali la kwanza lingekuwa kama mnunuzi anameza pia nitrati kwa ajili ya moyo, kwa maana hizo mbili zikikutana shinikizo la mwili mzima linaweza kuporomoka hadi mtu akafa.

Kipimo kilikuwa wapi wakati huo? Njia ya uhakika ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa hadi ndani ya moyo na ateri ya mapafu, jambo ambalo Werner Forssmann alijifanyia mwenyewe Ujerumani mwaka 1929, na lililompatia Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards mwaka 1956. Mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Geneva mwaka 1973 ulitumia kipimo hicho kuweka mpaka wa ugonjwa kuwa wastani unaozidi milimita 25. Mwaka 2018 wataalamu waliushusha hadi 20. Njia nyepesi ni eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Mpimaji hupaka jeli baridi kifuani, huelekeza kifaa kati ya mbavu za kushoto, na kwenye kioo huonekana damu inayovuja kurudi nyuma kupitia valvu ya kulia. Kasi ya mvujo huo huzidishwa yenyewe kwa yenyewe, kisha mara nne: mita 3 kwa sekunde ni milimita 36 za tofauti ya shinikizo kati ya vyumba viwili. Hesabu hiyo, iliyothibitishwa miaka ya 1980, iliwezesha shinikizo la mapafu kukadiriwa bila kumchoma mtu. Muhimbili, iliyozaliwa kama Hospitali ya Princess Margaret mwaka 1956, ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008. Kabla ya hapo watoto wenye matundu walipelekwa India, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 wengine walikwenda Israel, wachache kwa zamu, wakati mishipa ya waliobaki kwenye orodha ikiendelea kukakamaa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza kusimama yenyewe mwaka 2015, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa China, ikiwa na maabara ya kupitisha mirija. Ukiipanga miaka hiyo sambamba utaona ninachosema: dawa ya mwaka 1998, ushahidi wake wa mapafu mwaka 2005, na taasisi ya moyo inayojitegemea mwaka 2015.

Hapa msomaji makini atapinga. Kama kidonge kipo na ni nafuu, kwa nini kisigawiwe kwa kila anayeshukiwa, kipimo kije baadaye? Watu wanakufa leo. Pingamizi hilo lina huruma ndani yake, na ningelikubali kama mishipa yote iliyokaza ingekuwa imekaza kwa sababu moja. Haiko hivyo. Utafiti wa nchi nne za Afrika, yaani Afrika Kusini, Msumbiji, Nigeria na Kameruni, uliochapishwa mwaka 2016 ukiwa na watu wazima 209, ulikuta kwamba karibu asilimia 70 walikuwa na shinikizo la mapafu kwa sababu ya upande wa kushoto wa moyo. Muhimbili, utafiti wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa ulioongozwa na Abel Makubi na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta presha ya kawaida ndiyo chanzo kikuu, na homa ya rumatiki inayoharibu valvu imo miongoni mwa vyanzo vikubwa. Kwa watu hawa mishipa ya mapafu si mkosaji. Valvu ya kushoto imesinyaa au chumba cha kushoto kimekuwa kigumu, damu inarundikana nyuma yake kama magari nyuma ya kizuizi cha reli, na mishipa ya mapafu inajikaza ili kuzuia mafuriko. Ukiilegeza kwa dawa bila kuondoa kizuizi, unaruhusu magari zaidi yaingie kwenye foleni ile ile, na mapafu yanajaa maji. Hispania waliipima hofu hii kwa wagonjwa 200 ambao valvu zao zilikwisha kurekebishwa lakini shinikizo la mapafu likabaki juu. Matokeo ya mwaka 2018 yalikuwa kwamba waliopewa sildenafili walikuwa na hali mbaya kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Selimundu inatoa onyo lingine, na linatuhusu sana, kwa sababu Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka. Chembe zao nyekundu huvunjika upesi, himoglobini humwagika nje ya chembe na kuila nitriki oksidi kabla haijaufikia msuli. Hivyo mishipa ya mapafu hukaza. Kwa nadharia, sildenafili ilikuwa jibu lililoshonwa kwa kipimo cha ugonjwa huo. Jaribio lililofanyika Marekani na Uingereza lilisimamishwa mapema mwaka 2009 kwa kuwa waliopewa dawa walilazwa zaidi kwa vipindi vya maumivu. Na kwa mwenye mapafu ya makovu au ya moshi, mishipa iliyojifunga kule kusikopata hewa ilijifunga kwa busara ile ya paka wa Stockholm. Ukiifungua yote kwa pamoja, damu hupita mahali pasipo na hewa na oksijeni ya mwili hupungua. Kwa hiyo kugawa kidonge bila kipimo kungemsaidia mmoja katika kundi dogo, kusiwasaidie wengi, na kuwadhuru baadhi. Huruma ya kweli ni kujua kwanza.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili kabisa: basi huu ni ugonjwa wa wachache, anasa ya hospitali kubwa, na Gongo la Mboto ina malaria, ajali za bodaboda na akina mama wanaojifungua. Jibu langu liko kwa hao hao akina mama. Kila mtoto hutoka tumboni akiwa na mishipa ya mapafu iliyojikaza, kwa kuwa tumboni mapafu hayana kazi. Pumzi ya kwanza ndiyo inayoifungua: hewa inatanua pafu, oksijeni inaamsha nitriki oksidi na prostasaiklini, na katika dakika chache shinikizo linaanza kuanguka. Asiyelia, aliyechoka kwa uchungu mrefu, aliyevuta kinyesi chake mapafuni, mishipa yake inaweza kukataa kufunguka. Barranquilla, Kolombia, mahali pasipokuwa na gesi ya kuvuta, jaribio dogo la mwaka 2006 liliwapa watoto wa namna hiyo sildenafili kupitia mrija wa tumboni. Sita kati ya saba waliopewa waliishi, na mmoja tu kati ya sita wasiopewa. Idadi ni ndogo mno kujengea sera, lakini haisahauliki. Tanzania tulipata ushahidi mkubwa zaidi kwa chombo rahisi zaidi. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua kwa mfuko na barakoa, yaliyofanyika katika hospitali nane kuanzia mwaka 2009 na kuripotiwa na Georgina Msemo na wenzake mwaka 2013, yalipunguza vifo vya saa 24 za kwanza kwa asilimia 47. Mkunga anayeminya mfuko ule katika dakika ya kwanza anafanya mengi kwa wakati mmoja, na moja kati ya hayo ni kulegeza mishipa ya mapafu kwa dawa ya kale kuliko zote, hewa. Oksijeni ni ya pili. Zote mbili zimo ndani ya historia hii, na mtu anayezihesabu hawezi kuuita ugonjwa wa wachache.

Kuna watakaosema kwamba kwa mwendo huu ninaidharau dawa, kwamba nimeishia kusifu mifuko ya hewa na valvu badala ya famasia. Siidharau. Kwa mtu ambaye mishipa yake yenyewe ndiyo mgonjwa, kwa mtoto ambaye tundu lake liligunduliwa likiwa limechelewa kidogo lakini si sana, kwa mgonjwa anayevuka usiku wa kwanza baada ya kupasuliwa, sildenafili ni tofauti kati ya kuhema na kuzama. Ninachokataa ni kuihesabu peke yake. Ukihesabu mishipa ya mapafu iliyookolewa isikaze tangu mwanzo, dawa inayotudai zaidi Afrika Mashariki huenda ni penisilini. Koo la mtoto linaloachwa bila kutibiwa huweza kuleta homa ya rumatiki, homa hula valvu, valvu huinua shinikizo la mapafu, na yule anayeletwa akiwa na ujauzito wa kwanza huku akilala ameketi alianza safari hiyo darasa la tatu. Kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwatafuta kwa eko watoto ambao valvu zao zilianza kuharibika bila dalili yoyote, zaidi ya 800. Waliochomwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, ni asilimia 0.8 tu ambao hali ilizidi. Wasiochomwa, asilimia 8.2. Hata hapo kipimo kilitangulia. Sindano ile ile isingejua mkono wa kuchoma kama eko isingepita shuleni kwanza.

Gongo la Mboto haijawahi kuwa mbali na Muhimbili kwenye ramani. Ni safari ya kilomita chache zinazozidi kumi na tano kwenye barabara ambayo wazee bado wanaiita ya Pugu. Kwa mtu mwenye presha ya mapafu umbali hupimwa kwa namna nyingine: ngazi za daladala, kusimama tangu Banana hadi Buguruni, kutembea kutoka kituoni hadi mapokezi, kurudi bila kuonwa, kurudi tena Jumatano. Mgonjwa ambaye dalili yake kuu ni kushindwa kutembea alitakiwa atembee ndipo ugonjwa wake ujulikane, na wengi waliishia katikati, kwenye duka la dawa lenye salbutamoli, wakatibiwa pumu ambayo hawakuwa nayo. Mwaka 2022 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliichukua hospitali ya Dar Group, iliyo pale Tazara, kando ya barabara ile ile inayoshuka kutoka Pugu. Eko ikasogea kuelekea wagonjwa kwa umbali wa vituo kadhaa. Dawa ilikuwa imeshawafikia miaka mingi nyuma, vidonge vinne kwa karatasi, miligramu 100 kila kimoja, bila mtu wa kuwaambia kama ni yao.